Mkono Wenye Mchuzi

Nimefaulu! Haya, nishalisema, maana nikianza na mwanzo wa mambo nitapasuka kabla sijafika katikati. Nimefaulu mtihani wa gari. Leseni ninayo, na picha yangu juu yake macho yamenitoka kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu, lakini ni mimi, Arwa binti Amur wa hapa Ibra, na hakuna wa kuninyang'anya.

Sasa tulieni niwahadithie, kwa sababu kufaulu kulikuwa asubuhi tu. Kazi yenyewe ilikuja jioni.

Nyumbani hakuna aliyejua kama nina mtihani siku ile isipokuwa Bibi Tufool, mama yake mama, tunaishi naye. Nilishaanguka mara nyingi mno, sitaki hata kuhesabu. Kila mara ni yale mapipa. Unarudi nyuma baina ya mapipa, unatazama kioo hiki, unatazama kile, mara unasikia ko! na afande anakutazama kwa huruma. Bora angenigombeza. Mara ya mwisho nilirudi nyumbani nikatangaza mbele ya watu wote kwamba khalas, siendi tena, sitaki gari, nitapanda punda. Kisha nikaenda kwa siri, na Bibi akabaki mlangoni ananisomea dua.

Na Baba, mbali na gari lake la kwendea kazini, ana Kresida yake. Ya zamani, nyeupe, aliinunua kabla hajamuoa mama. Inakaa uani chini ya mabati, kila Ijumaa anaiwasha, anaifuta vumbi kama anamfuta mtoto pua. Nilipoanza kujifunza aliniambia neno moja: "Faulu, gari lako." Baba kwao mji wa Adam, na watu wa kule neno lao likishatoka limetoka. Basi mie nikalipangia gari safari kabla hata sijajua kubadili gia. Safari ya kwanza Sur. Bibi ana mdogo wake kule, Bi Tahira, na tangu Idi ya mwaka jana hawajaonana. Kila siku wanapigiana simu, wote wawili masikio yao mazito, mtaa mzima unasikia.

"Utakuja lini?"

"Akipatikana wa kunileta!"

Wa kumleta hapatikani. Baba kazini kwake Nizwa, mama yangu Maha ni nesi na zamu zake hazina huruma. Mkoba wa Bibi, na ndani yake kanga mpya za Bi Tahira, umekaa nyuma ya mlango tangu Ramadhani.

Sasa wiki iliyopita Baba akaniambia, tena kwa upole, na ule upole ndo ulioniumiza: "Mwanangu, lile gari linakula jua bure. Ami Hood analitaka." Ami Hood ni ami yake Baba, mfanyabiashara wa mbuzi huko Adam. Ningesema nini, na nishatangaza punda?

Ndo maana nilipopewa leseni yangu nilikimbia. Nikapita dukani, nikanunua nyama ya ng'ombe ya kusaga, saladi, jibini na ile mikate myembamba ya duara. Nilikuwa nishapanga kila kitu kichwani: mama yuko zamu, Baba akirudi ana njaa, namlisha, anafurahi, nasukuma leseni chini ya sahani yake, analia kidogo, nami nalia kidogo. Gari langu.

Na chakula nilichokusudia ni tacos. Nilijifunza chuoni Nizwa kwa Fatin, tuliyekuwa naye chumba kimoja. Alikuwa anazipika baina ya darasa na darasa kwenye jiko la umeme lenye jicho moja, akisema hiki ni chakula cha watu wa Teksas, wamekichukua Meksiko wakakifanyia haraka. Bibi anakipenda mno ila jina lake hataki lisikike nyumbani, na nyie mnaojua Kiswahili mnajua kwa nini. "Neno hilo lisitoke mbele ya watu," aliniambia siku ya kwanza. Kwetu kinaitwa mikate ya Arwa, basi.

Nikaingia jikoni. Bibi keshakaa kwenye kibao chake, kisu mkononi, saladi mapajani.

"Shikamoo Bibi. Nitazame usoni."

"Marahaba. Nini, umevimba?"

"Nitazame vizuri."

Akanitazama. Kisu kikaanguka. Alinivuta kichwa akanibusu hapa kwenye utosi, halafu akasema, "Sur?" Nikasema, "Ijumaa." Akaokota kisu akaendelea kukata saladi, lakini ikawa anaikata nyembamba kama nyuzi, kwa furaha.

Kupika kwenyewe ni haraka. Kikaango kipate moto kweli. Kitunguu maji, kitunguu thomu, kisha nyama, na nyama hiyo usiichokore-chokore, iache ikamate rangi chini ndo uigeuze. Uzile uliosagwa, ile bizari nyembamba, pilipili nyekundu ya unga, chumvi, tungule za kopo, wengine mnaita nyanya, na maji kidogo, iwe nzito. Pembeni unakatakata tungule mbichi na kitunguu na kotmiri. Fatin anatia siki. Bibi anasema siki ni ya kuoshea vioo, akakamua ndimu. Mikate unaipasha mmoja mmoja kwenye chuma kikavu mpaka itoe mabaka. Hata adhana ya magharibi ilikuwa haijamalizika, nyumba nzima inanukia.

Tumeshasali, ndo nikasikia geti. Gari la Baba, na nyuma yake muungurumo mwengine, mzito. Nikachungulia dirishani. Pikapu. Ami Hood mwenyewe anateremka, mrefu, ndevu nyeupe, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata.

"Bibi," nikasema. "Kaja kuchukua gari."

Uani Baba keshaitoa Kresida chini ya mabati, akaiweka katikati ya njia, nyuma ya pikapu, ili mgeni aione vizuri. Na Ami Hood akawa anaikagua kama anavyokagua mbuzi. Kainama kuangalia matairi, kana kwamba ni kwato. Kafungua mdomo wa mbele, katazama meno. Kapitisha mkono mgongoni.

Nikatoka mbio. "Baba, nina—"

"Baadae, mwanangu. Mgeni. Kahawa kwanza."

"Lakini Baba—"

"Arwa."

Nikarudi. Nikamtumia ujumbe kwenye simu: Baba usiuze. Nikasikia simu yake inalia sebuleni, na nilipopeleka tende nikaiona: kaigeuza kifudifudi kwenye zulia. Baba mbele ya mgeni haangalii simu, hata kama ni Sultani anapiga.

Sasa lazima niwaeleze jambo, kwa wale ambao hamjakaa na watu wa Dakhiliya, mkoa wa kina Baba. Mgeni akishakula tende na kunywa kahawa, anaulizwa habari, kisha naye anawauliza wenyeji. Si hujambo sijambo, hapana, habari kwa mpango wake. Na jawabu ni moja: hakuna habari, ila kheri. Hata kama paa limekuangukia njiani, kwanza useme hakuna habari. Halafu unaulizwa tena, ndo unatoa. Basi niko mlangoni na birika, leseni mfukoni inaniunguza, namsikia Ami Hood anauliza, "Amur, hamna habari? Hamna jipya?" na Baba anajibu kwa utulivu, "Hakuna habari, Ami, ila kheri. Nyumba imetulia." Nyumba imetulia! Mie nusura nidondoshe birika.

Jikoni nilikuwa karibu kulia.

"Bibi, nenda weye ukamwambie. Wewe mkubwa."

"Nimkatie mgeni maneno, na hajala? Katoka Adam mpaka hapa. Ataona tunamfukuza, na baba yako ataaibika kwa ami yake."

"Basi gari linakwenda!"

"Haliendi. Mpaka wapeane mkono. Wale hawaandikiani kitu mezani, wanapeana mkono. Mkono haujatolewa, hakuna biashara." Akakitazama kikaango. Nikaona macho yake yanabadilika, yanakuwa madogo. "Arwa. Hii nyama ongeza tungule. Na maji. Iwe na mchuzi."

"Itavuja, Bibi. Itawamwagikia mikononi."

"Nataka ivuje."

Wallahi nilichukua muda kuelewa. Kisha nikamkumbatia na kibao chake.

"Lakini mgeni wa heshima anakula wali," nikasema. "Sinia, nyama, mchele. Tutampa mikate ya kukunja?"

"Wali mtu anakula kwa mkono mmoja. Huu wako unashikwa kwa yote miwili. Peleka."

Tukapeleka. Tukatandika mkeka wa chakula, Bibi akakaa na sisi maana Ami Hood ni mkwewe wa siku nyingi. Na jambo jema kuliko yote: Baba Kiswahili hajui. Miaka yote ya ndoa, anajua "njoo", "chai" na "basi". Ami Hood hata hayo hana. Kwa hivyo maneno yao nawapeni kwa Kiswahili ila yalikuwa Kiarabu, na yetu mie na Bibi yalikuwa wazi mbele yao kama tupo peke yetu.

Ami Hood akautazama mkate. "Amur, hiki kinaliwaje?"

"Chakula cha chuoni, Ami. Unakunja, unakamata, unauma."

"Na nikiuma huku, kule kunatoka."

"Ndo chakula chenyewe," Bibi akamwambia kwa Kiarabu chake cha Unguja. "Shika kwa mikono miwili, Hood. Usione haya."

Akashika. Akauma. Mchuzi ukateremka taratibu kwenye kifundo cha mkono, ukasita penye upindo wa dishdasha. Akanyanyua viwiko juu kama mtu anayevuka wadi, korongo lenye maji. Akatafuna. Akatafuna tena. "Hm," akasema, na akauma tena haraka, upande wa pili.

"Kapenda," nikamwambia Bibi.

"Jaza mwengine."

Wakaanza maneno ya gari. Baba anataja, Ami Hood anapunguza, Baba anacheka, wanarudi kwenye mvua za mwaka huu, wanarudi kwenye gari. Mie nakunja mikate kama mashine. Haikuchukua muda, Ami Hood akasema, "Haya Amur, tusichoshane. Kati ya bei yako na yangu. Lete mkono." Na akanyoosha mkono wake juu ya mkeka.

Nikaacha kukunja.

Na huo mkono ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiganja, na kipande cha saladi kimenata kwenye kidole gumba. Ami Hood akautazama. Baba akautazama wake, nao vilevile. Wakacheka. "Tishu," Baba akasema. "Arwa, tishu ziko wapi?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Boksi la tishu lilikuwapo hapo hapo sasa hivi.

"Sizioni, Baba."

"Nimezikalia," Bibi akasema kwa Kiswahili, uso mkavu kabisa, buibui limemfunika mpaka miguuni. "Mpe mwengine upesi, mkono haujarudi."

Nikamuwekea Ami Hood mkate mkononi kabla hajaurudisha mkono wake. Mkate wa moto hauwezi kukataliwa, na hauwezi kungoja, ukiuacha unalowa unakatika. Akaula. Jibini lilimfuata kwenye ndevu.

"Binti yako anataka kuniua, Amur."

"Sahtein, Ami, afya mara mbili."

Akaumaliza huo, na sasa akaegemea mkono wa kushoto kutaka kuinuka. "Ninawe, nije tumalize jambo letu."

Hapo nilijua tumekwisha. Akinawa, mkono safi, mkono unatolewa, Kresida inalala Adam. Nikamtazama Bibi. Bibi hakunitazama. Alimtazama mgeni, akasema taratibu sana, "Hood, umeshaondoka kwenye chakula? Ukinyanyuka wewe sote tunanyanyuka, na mie sijaanza."

Kweli hakuwa ameanza. Mkate wake ulikuwa mzima mbele yake, aliuweka makusudi. Na mgeni akiinuka chakula kimekwisha kwa wote, hilo kila mtu analijua. Ami Hood akakaa chini upesi kama aliyekalia mwiba. "Samahani, Mama Maha. Kula, kula. Mie nakusubiri."

Bibi akauma kipande kidogo, kama cha ndege. Akatafuna. Akakisifu. Akafuta mdomo kwa ncha ya buibui.

"Hood," akasema, "leo umeniuliza habari zangu, umemuuliza Amur habari zake. Huyu aliyekupikia hukumuuliza."

Ami Hood akapiga paja kwa kifundo cha mkono, maana kiganja hakikufaa. "Haki yake! Nimekosea." Akanigeukia, mikono miwili juu, mchuzi unakaukia. "Binti Amur, huna habari? Huna jipya?"

Na mie, jamani, habari imejaa mpaka hapa kooni, tangu asubuhi, ulimi unawasha, na mpango ni mpango. Baba ananitazama nisimtie aibu. Nikakaa sawa.

"Hakuna habari, Ami," nikasema. "Ila kheri."

Bibi akaacha kutafuna.

"Na hiyo kheri," akasema Ami Hood, kama inavyopasa, "ni kheri gani?"

"Nimefaulu mtihani wa gari leo asubuhi, mapipa sikuyagusa hata moja, afande kaniambia mabruk, hongera, na Baba alinambia ukifaulu gari lako, na mie nilitaka kumwambia tangu uani akasema baadae, na ujumbe nimemtumia simu kaigeuza, na leseni hii hapa!"

Nikaitoa, nikaiweka juu ya mkeka, baina ya bakuli la ndimu na la kotmiri.

Baba akaichukua kwa ncha za vidole, pembeni, asiichafue. Akaisogeza kwenye mwanga. Akaitazama ile picha yangu ya macho kutoka.

"Ya leo hii?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini hukunambia unakwenda?"

"Nikianguka tena ungenionea huruma."

Akainamisha kichwa. Aliendelea kuitazama leseni muda, mpaka nikaogopa. Nilijua anapima nini. Hapa mimi, pale ami yake aliyefunga safari kwa ajili ya jambo hili. Halafu akaiweka chini, akamgeukia.

"Ami. Nilikwambia nauza kwa kuwa gari halina mwenyewe. Linaye. Neno nililompa huyu la zamani kuliko maneno yetu ya leo, nami sikujua kama limeshafika wakati wake. Nisamehe, nimekusumbua njia."

Ami Hood akautazama mkono wake wa kulia. Akaugeuza, akaugeuza tena, mchuzi, saladi na vyote. Hakucheka. Mie nikafikiria, sasa ataondoka na hasira, na Adam nzima itajua kwamba kwa Amur mgeni hudhihakiwa.

Akamtazama Bibi.

"Mama Maha. Mie nanunua na kuuza tangu sijaota ndevu. Wameninyima mkono kwa hasira, wameninyima kwa tamaa. Kuninyima kwa nyama, hii mara ya kwanza. Na tishu ziko wapi?"

Bibi akajisogeza kidogo. Akavuta boksi kutoka chini yake, limebonyea kama mkate. Akalisukuma kwa mgeni kwa adabu.

Hapo ndo alipocheka. Alicheka mpaka akakohoa, Baba akacheka kwa kuwa yeye anacheka, kisha nikamfasiria Baba maneno ya Kiswahili yaliyopita hapo mkekani, akaacha kucheka, akamtazama mama mkwe wake kama anamwona leo, halafu akaanza upya.

"Lakini mkono sijautoa," akasema Ami Hood, "na pikapu yangu imezibwa na Kresida. Basi huyo mwenye gari alitoe. Nataka kuona haya mapipa."

Tukatoka uani. Taa ya geti inawaka, upepo mzuri. Nikakaa nyuma ya usukani, kiti kikanimeza, Baba akanisukumia mto mgongoni. Kulirudisha gari chini ya mabati lazima upite baina ya nguzo ya chuma na tangi la maji. Nguzo huku, tangi kule. Mapipa yenyewe, na watazamaji zaidi. Nikawasha. Ikakohoa, ikakubali. Nikatazama kioo hiki, nikatazama kile.

Kwenye kioo cha kati nikaona uso wa Bibi. Keshaingia kiti cha nyuma, sijui saa ngapi, mkoba wa Sur mapajani.

"Bibi! Nakwenda kuegesha tu."

"Egesha. Nani kakukataza?"

Nikarudi nyuma pole pole. Baba kafumba macho, nilimwona. Nguzo ikapita. Tangi likapita. Hakuna ko. Nikazima.

Ami Hood alikuwa keshanawa bombani. Akaja mpaka dirishani kwangu, akapitisha mkono ndani, mkono mkubwa, mkavu, unanukia sabuni na uzile. Nikampa wangu.

"Mabruk," akasema. "Na ukifika Adam uje na hiyo mikate. Ila uwaambie wake za wanangu mapema, wanipe dishdasha ya zamani."

Akapanda pikapu yake akaondoka, Baba akamsindikiza mpaka barabarani. Mie nikateremka, nikamfungulia Bibi mlango.

"Haya Bibi, twende ndani. Leo Jumanne, Ijumaa bado."

"Najua," akasema, na akaweka mkoba vizuri. "Wewe kaoshe vyombo. Mie nakaa kidogo."